Maksai wa Safari ya Chumvi

Kwa miaka kumi na mmoja, ng'ombe aliyechorwa mjini Bariadi alikuwa mmoja tu. Alisimama juu ya mlango wa bucha la Mustapha, mwekundu mwili mzima, mnene kama gunia la pamba, akitazama upande wa barabara ya Maswa bila kupepesa. Aliyemchora ni Machibya, yuleyule aliyeandika "Duka la Ushirika", "Zahanati" na "Usikojoe Hapa", na majina ya malori yaliyopita mjini bila jina. Mji wenye mchoraji mmoja haumlinganishi na mtu. Walimwita Fundi, naye aliitika kama mtu aliyezaliwa na jina hilo.

Hakuzaliwa nalo. Baba yake alichunga ng'ombe wa watu wengine maisha yake yote, akalipwa maziwa, na ndama aliyeahidiwa kila mwaka na kila mwaka akafa kabla hajakabidhiwa. Machibya aliondoka nyumbani akiwa na miaka kumi na minne, akajifunza mabango kwa fundi mmoja wa Mwanza, akarudi na brashi nne na shati lenye mifuko miwili. Tangu hapo hakusimama tena nyuma ya ng'ombe. Alipomchora yule wa bucha alinakili picha ya kwenye kopo la maziwa, na hakuna aliyelalamika, kwa sababu nyama ilikuwa ndani na watu walikuja kwa ajili ya nyama.

Mwaka wa sabini na sita, Januarius, mratibu wa elimu ya watu wazima, alimwita ofisini. Alikuwa mtu wa kutoka Bukoba, mpole, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, na ng'ombe hakuwajua zaidi ya mchuzi wao. Alisema wanakisomo vijijini wamejifunza kusoma na sasa wanasahau, kwa kuwa baada ya kitabu cha kwanza hakuna cha pili. Alitaka hadithi ya picha: vijisanduku vinavyofuatana, maneno machache chini ya kila kimoja, kitabu cha kurasa ishirini na nne kitakachochapwa Mwanza na kugawiwa kuanzia Bariadi hadi Meatu. Kwenye jalada lingeandikwa jina la mchoraji.

Hapo moyo wa Machibya uliruka. Mabango yake hayakuwa na jina lake hata moja. Juu ya bucha palikuwa na jina la Mustapha.

Hadithi iliyochaguliwa haikuwa na mwandishi, maana ilikuwa ya kila nyumba. Zamani, vijana wa Usukuma walipokwenda kwa miguu hadi Ziwa Eyasi kuchota chumvi, kijana mmoja, Salu, alivunjika mguu ng'ambo ya mto Sibiti. Wenzake waliogopa kiu, wakamwacha. Alibaki na maksai mmoja aliyekabidhiwa na baba yake kwa neno fupi: rudi naye. Salu akajijengea boma la miiba, akalala humo na maksai wake huku simba wakizunguka. Alikula mizizi, asali na kobe. Njaa ilipomzidi alinoa kisu, akakitazama, akakirudisha alani. Maksai ndiye aliyenusa maji chini ya mchanga wa mto mkavu, na Salu akachimba kwa mikono. Siku ya arobaini walifika nyumbani Kimali wote wawili, mbavu nje, na baba hakumwuliza mwanawe chochote mpaka alipokwisha kumnywesha maksai.

Machibya alichora kwa wiki sita. Salu wake alikuwa mzuri kweli: uso uliokonda kijisanduku kwa kijisanduku, macho yanayorudi ndani, mkono uliotetemeka juu ya kisu hadi mtu akausikia. Kwa maksai alitumia ujanja wa mabango. Alimchora mmoja, mweusi mwenye kiraka cheupe bega la kulia, akambandika kwenye kioo cha dirisha na kumnakili kila alipohitajika. Kwa safari ya kurudi, maksai alipotakiwa kutazama upande wa pili, aligeuza karatasi na kumnakili kwa nyuma. Kazi ya siku kumi ikawa ya siku moja.

Januarius alifurahi, lakini akasema karatasi haziendi Mwanza kabla hazijasomwa na wanakisomo wenyewe. Wakaenda Migato.

Kijiji kilikuwa kipya, nyumba zimepangwa mistari kama mahindi, kila mtu akiwa bado anaikosa njia ya kwake akirudi na giza. Wanakisomo ishirini na sita walikaa kwenye mabenchi ya shule wakapewa karatasi. Walisoma polepole, vidole vikitambaa. Walipofika mwisho walinyamaza, na Machibya akadhani wameguswa. Kisha Masele, mzee mwenye ng'ombe wengi kuliko alivyowahi kukiri mbele ya katibu, akakohoa.

"Huyu kijana ana kesi," alisema.

Januarius aliuliza kesi gani.

"Aliondoka na ng'ombe mwenye kiraka bega la kulia. Karudi na mwenye kiraka bega la kushoto. Wa baba yake yuko wapi? Na huyu ni wa nani?"

"Wa baba yake kamla," mtu akajibu kutoka kwenye dirisha.

"Kamla, kaiba wa watu. Ndiyo maana mwenye ng'ombe kakonda na ng'ombe kanenepa."

Basi wakaijadili faini. Wengine walitaka ng'ombe watatu, wengine watano kwa sababu alimdanganya baba. Januarius alijaribu kueleza kwamba hadithi ni ileile waliyoijua tangu utotoni. Walikubali kwamba ile waliyoijua ni nzuri. Hii ya kwenye karatasi ni nyingine, ya mwizi. Katika watu ishirini na sita hakupatikana wa kumtetea Salu.

Machibya alikaa akiwa na uso wa moto. Alifikiri wanamtania, ila utani una mahali pake pa kuishia, na hawa hawakuishia.

Ndipo mwanamke mmoja wa benchi la nyuma akaomba kusema. Jina lake Nyanjige, kwa kuwa alizaliwa mwaka wa nzige, na umri wake ulihesabika kwa nzige hao: miaka arobaini na mitano. Alikuwa binti wa marehemu Bundala, ambaye zizi lake lilikuwa likijulikana hadi Meatu.

"Salu hakuiba," alisema. "Fundi kageuza karatasi. Tazameni pembe iliyovunjika ncha, nayo imehama."

Darasa lilicheka kwa faraja, kama watu walioachiliwa na hakimu. Januarius akamwuliza Nyanjige ni vipi ingefaa. Alisita, akaenda mbele, akaomba chaki. Kwanza akamchora maksai anayekwenda: mstari wa mgongo aliuvuta mara moja, kutoka nunduni hadi mkiani, bila kunyanyua mkono. Halafu akamchora yuleyule akirudi, na upande ule wa pili hapakuwa na kiraka begani. Palikuwa na weupe uliomwagika mbavuni kama majivu. Nyonga zimetokeza. Ngozi ya shingo inaning'inia. Kichwa kiko chini, ila masikio yamesimama, kwa sababu amesikia nyumbani.

"Eeh," Masele akasema. "Huyo ndiye aliyeondoka."

Sauti hiyo, "eeh" moja tu ya mzee mmoja, ilimwingia Machibya mahali ambapo sifa zote za Bariadi hazijawahi kufika. Katika miaka kumi na mmoja hakuna aliyewahi kuguna hivyo mbele ya kazi yake. Aliutazama ule mstari wa mgongo akitafuta mahali ulipotetemeka. Hapakuwepo.

Januarius aliamua hapohapo, kwa moyo mweupe wa mtu asiyejua anachofanya: Fundi atachora watu na nyika, mama atachora maksai kwa penseli, Fundi atapitisha wino juu. Ikawa hivyo. Kila Jumamosi Machibya alipanda baiskeli nusu siku hadi Migato kuchukua karatasi, na kila Jumamosi alirudi akiwa mzito kuliko alivyokwenda.

Nyanjige alichora akitoka shamba, karatasi juu ya ungo uliogeuzwa, mikono ingali na udongo. Alimkaribisha Machibya vizuri, akamwita "Fundi" kama wengine, akampa viazi. Hakuringa. Kama angeringa ingekuwa nafuu. Machibya alitafuta kosa la kushika, akalipata: watu wake. Alipomwomba amchore Salu, kwa kujifanya anataka msaada, Nyanjige alichora vyungu viwili vilivyopandana vyenye miguu, na wakacheka wote wawili. Furaha ya kosa hilo ilimfikisha Machibya hadi nusu ya njia ya kurudi. Kisha alikumbuka kwamba hakuna mtu Migato aliyeguna kwa ajili ya Salu wake.

Alijaribu kujifunza. Alikwenda mnadani na daftari, akakaa juu ya uzio tangu asubuhi, akachora maksai thelathini. Jioni aliwatazama, na wote walikuwa yule wa kwa Mustapha. Jumamosi iliyofuata alimpenyeza mmoja wao katikati ya karatasi za Nyanjige, akamwuliza ni ipi kati ya hizi haikumwendea vizuri. Nyanjige alizipekua, akaitoa ile moja, akaiweka kando bila neno, akaifunika na ungo ili asimwaibishe mwenye nayo. Alijua.

Nyumbani, Domitila mkewe alianza kuhesabu dalili. Mume hali, hasemi, na akisema ni Nyanjige: mkono wa Nyanjige, mstari wa Nyanjige, jinsi Nyanjige anavyoweza kuanzia mkiani akamalizia puani. Siku moja aliweka bakuli la mlenda mezani akasimama.

"Baba Yohana, kama ni mke wa pili sema, nijue. Mimi mwenyewe nitakwenda kumwona."

"Si hivyo."

"Basi ni nini kinachokula mtu hivi?"

Alimwambia. Domitila alikaa, akasema afadhali ingekuwa mke wa pili, maana huyo angezoeleka.

Wino uliendelea. Baada ya aibu ya Migato, Machibya hakuthubutu kuhamisha hata unywele wa maksai yule. Alifuata kila mstari wa penseli kama mtu anayepita juu ya ukuta. Hata sikio la kushoto, lenye mkato wa panda kama mkia wa mbayuwayu na mwanya mdogo chini yake, alilifuata kwa uangalifu. Alidhani ni jeraha la miiba ya nyika, akaona ni wazo zuri ambalo yeye lisingemjia, na hilo nalo likamchoma. Akalikoza zaidi, lionekane. Laiti angetazama kijisanduku cha kwanza, ambako Salu hajatoka bado zizini kwa baba yake, angejiuliza miiba imetoka wapi. Hakutazama. Mtu mwenye wivu hutazama sana, na hutazama kitu kimoja.

Siku ya kukabidhi kazi, Januarius alitoa fomu ya jalada. Palikuwa na mstari mmoja: Picha. Machibya aliishika kalamu. Alijiambia kwamba penseli imekwisha kufutwa, kilichobaki kwenye karatasi ni wino, na wino aliununua mwenyewe Maswa. Akaandika jina lake kwa herufi nzuri za bango.

"Ni wewe peke yako?" Januarius aliuliza, kidole kwenye miwani.

"Wino wote ni wangu."

Januarius, aliyekuwa na barua nyingine ishirini za kujibu, akatia muhuri.

Vitabu vilikuja mwaka uliofuata, baada ya mavuno ya pamba, mafurushi manane juu ya lori. Machibya aliomba mwenyewe kuyapeleka vijijini. Alitaka kuona watu wakisoma jalada. Kule Migato alimkabidhi Masele kitabu cha kwanza, kikiwa kimefungwa, jina juu. Mzee alikifungua kwa dole gumba kama anayekagua meno ya ng'ombe, akapita jalada, akapita maneno, akasimama.

"Ng'ombe wa kwa Bundala," akasema.

Wengine walikusanyika. Kweli, wa kwa Bundala. Tazama sikio. Mkato wa panda na mwanya chini, wa kushoto. Nani mwingine Itilima nzima au Meatu alikata masikio ya ng'ombe wake hivyo? Mzee mmoja alikumbuka dume ambaye Bundala alileta kwao kuwa mahari ya dadake. Mwingine alikumbuka mwaka wa njaa, Bundala alipogawa maziwa zizini. Kitabu kilipita mkono kwa mkono, na kila mkono kidole kilikwenda palepale. Hakuna aliyeuliza nani alichora. Sikio lilikwisha kusema limetoka kwenye nyumba gani, na katika nyumba hiyo aliyebaki ni mmoja.

Kimali ikawa vilevile, kwa watu ambao hawakuwahi kumwona Nyanjige. Mnadani, mtu mgeni kabisa, mwenye fimbo ndefu, alimshika Machibya bega.

"Wewe ndiye Fundi? Nasikia mtoto wa Bundala kakuazima ng'ombe wake, nawe unakula wali kwa jina lako."

Watu wa uzioni walicheka, naye akacheka nao kwa kuwa hakukuwa na kingine cha kufanya. Alikwenda nyuma ya lori akafungua kitabu. Alihesabu masikio. Yalikuwa arobaini na moja, yote kwa wino wake, yote yamekozwa. Alikuwa ameandika jina la mwanamke yule mara arobaini na moja kwa mkono wake mwenyewe, na lake mara moja, mahali ambapo watu hushika kwa kidole gumba.

Alipokwenda tena Migato hakujua anafuata nini. Alimkuta Nyanjige kivulini mwa ukuta, kitabu juu ya magoti. Hakuwa kwenye ukurasa wa maksai. Alikuwa kwenye jalada, kidole kikisukuma herufi moja baada ya nyingine.

"Pi-cha," alisoma. "Ma-chi-bya." Akainua uso, amefurahi. "Nimelisoma mwenyewe, Fundi. Sikusaidiwa."

Machibya alisimama ameshika usukani wa baiskeli. Miezi yote hiyo alikuwa ameandaa majibu ya kumpa mtu aliyekasirika.

"Jina lako halipo, mayu," alisema hatimaye, akimwita mama kwa Kisukuma.

"Nimeona. Nililitafuta ndani pia." Aligeuza kurasa, akaacha kidole kwenye sikio. "Lakini baba yupo."

Akamweleza, bila haraka, akichambua mboga huku akisema. Bundala hakuacha mtoto wa kiume. Ng'ombe waligawanywa kwa ndugu zake, kila mmoja akakata alama yake, na ndama waliozaliwa baadaye hawakuijua ile ya zamani. Wa mwisho mwenye sikio lile alikufa kabla watu hawajahamia vijiji vipya. Alipopewa penseli alikuwa na hofu moja tu: kwamba Fundi ataona sikio limeharibika na atalitengeneza.

"Nikaona umelikoza," alisema. "Nikasema, huyu mtu ana moyo."

Machibya aliegemeza baiskeli ukutani. Angeweza kumwambia ni moyo gani.

"Ng'ombe wa kwenu walikatwaje?" Nyanjige akauliza, kama watu waulizanavyo ukoo.

"Baba alichunga wa watu."

"Aa," alisema, akasita na jani la mboga mkononi. Hakuongeza neno, na Machibya alishukuru, na alimwonea wivu hata kwa adabu hiyo ya kunyamaza.

Vitabu viliisha kabla ya mvua. Januarius alileta habari kwamba Mwanza watachapa tena, na kama kuna sahihisho lolote liende sasa. Machibya aliomba karatasi ya jalada. Mratibu aliuliza kuna kosa gani, naye akajibu kwamba kuna jina limesahauliwa. Hakusema ni nani aliyelisahau.

Aliikalia kazi hiyo asubuhi nzima kwenye kibaraza cha bucha, chini ya ng'ombe mwekundu asiye wa mtu, rula mkononi. Aliandika: Picha. Akaandika: Machibya. Akaandika "na". Mustapha alitoka akifuta kisu kwa aproni, akasimama nyuma yake kutazama, maana herufi zilikuwa nzuri kuliko zote alizowahi kumwona akiandika. Jina la Nyanjige Bundala lilikaa sawasawa kwenye mstari wake, limenyooka, kila herufi na uzito wake.

"Mbona la huyu fupi kidogo?" Mustapha aliuliza. Hakumaanisha urefu wa jina. Alimaanisha kimo cha herufi.

Machibya aliinamisha rula akapima. Ilikuwa kweli. Zake zilipita kwa unene wa ukucha. Alikaa na kalamu muda mrefu, wino ukianza kukauka kwenye ncha, huku wateja wakipita juu ya miguu yake kuingia kununua nyama. Kisha akaikunja karatasi ile, akachukua nyingine, akachora mistari miwili ya kuongozea, safari hii akianza na jina la Nyanjige, ili la kwake ndilo lifuate.

Alipomaliza alipima tena. Zilikuwa sawa. Alizipima mara ya tatu, akitumaini kidogo kwamba hazikuwa.